Namba 11811 alienda wapi? Kisa cha onyesho la filamu ya Metropolis huko Katuba, Lubumbashi

Swali lililotuumbua lilikuja wakati watoto wameshaanza kubeba viti. Papa mmoja wa mstari wa pili, ndivyo tunavyomwita mzee wa kiume hapa, mfanyakazi mstaafu, ambaye jioni nzima hakuwa ametia neno, alisimama na kofia mkononi:

— Niko na ulizo moja. Mulituonyesha mutu wa namba 11811. Anavaa manguo ya mutoto wa patron, anaingia mu motokari, kisha hatumuone tena. Alienda wapi?

Patron kwetu ni bosi, mkubwa wa kazi. Mikrofoni ilikuwa mikononi mwangu. Jibu nililijua. Nilijua pia kwamba aliyemfichia jibu hilo, saa moja na nusu kabla, ni mimi. Nikababaika, nikasema sehemu ile ya filamu "ilikuwa na shida kidogo", watu wakapiga makofi ya kuondokea, tukazima jenereta. Papa akavaa kofia yake akaenda, nami usiku huo usingizi ulinipita mbali.

Tangu hapo vikundi viwili vya sinema hapa Lubumbashi vimekuja kuiazima diski ileile. Kabla haijatoka mkononi mwangu naandika yote yaliyotokea, wasije wakarudia yetu.

Filamu, na mara tatu nilizoiona

Ni Metropolis ya Fritz Lang, hadithi ikiwa imeandikwa na mkewe Thea von Harbou. Filamu ya Ujerumani isiyo na sauti za watu, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Berlin tarehe 10 Januari 1927. Inachora mji wa siku zijazo: juu wanakaa matajiri na bustani zao, chini ya ardhi ziko mashine, na chini ya mashine ziko nyumba za wanaozitumikia. Mkubwa wa mji ni Joh Fredersen. Mwanawe Freder anashuka kumtafuta msichana aitwaye Maria, anakuta mashine inalipuka na watu wanakufa, na kuanzia hapo hatulii tena. Baadaye mvumbuzi Rotwang anaipa mashine-mtu sura ya Maria, itumwe kuwapotosha wafanyakazi.

Mtu wa Lubumbashi haelezwi mara mbili mji wa namna hiyo ukoje. Tumekua tukiliona bomba la moshi na terili, ule mlima mweusi wa makapi ya shaba, kutoka kona yoyote ya mji. Wazee wetu wakianza kusimulia kazi, kitu cha kwanza wanachotaja ni king'ora.

Mara ya kwanza nilikuwa mtoto, kwa mjomba wangu, mtaa wa Kamalondo, kwenye kaseti ya video. Lilikuwa toleo la mwaka 1984 la mwanamuziki Giorgio Moroder: picha zimepakwa rangi, nyimbo za pop zinapiga mwanzo hadi mwisho, na baada ya saa moja na dakika ishirini hivi mambo yamekwisha. Nilimpenda roboti, mengine sikuyaelewa, na hakuna mtu mle sebuleni aliyejua kwamba tunaangalia nusu tu ya kilichotengenezwa. Mara ya pili, nikiwa mtu mzima, nilipata toleo lililokarabatiwa mwaka 2001, dakika 124, picha safi kama shuka iliyopigwa pasi. Pale ambapo sehemu ilikuwa imepotea, wakarabati waliweka maandishi ya kueleza nini kilipaswa kuonekana. Nilidhani hapo ndipo mwisho wa safari ya filamu hii.

Mara ya tatu ni toleo la 2010, karibu saa mbili na nusu, kwenye diski ya blu-ray ambayo dada yangu alininunulia Brussels. Nililitazama peke yangu usiku mmoja, vipaza sauti masikioni, nikiwa nimeshasoma mengi juu yake. Naomba jambo hilo likumbukwe: nilikuwa nimeandaliwa. Watu wa Katuba hawakuandaliwa na mtu.

Jioni yenyewe

Ukumbi ulikuwa wa parokia. Shuka mbili zilizoshonwa pamoja, projekta ya kukodi, laptopu ya fundi wetu, jenereta ndogo nyuma ya ukuta na lita mbili za petroli. Fundi ni kijana makini sana. Arusi zote za mtaa ni yeye, na huwa anasema mtu anayeonyesha picha mbaya ni sawa na mpishi anayetoa bukari, yaani ugali, mbichi. Alikuwa ameweka kwenye laptopu faili la lile toleo la 2001 kama akiba, endapo diski ingegoma. Ni mimi niliyempa faili hilo.

Kwa kuwa filamu haina sauti za watu, kazi yangu ilikuwa kusoma. Maandishi yake ni ya Kijerumani, chini yake tafsiri ya Kifaransa, nami niliyatoa kwa Kiswahili cha hapa kwa mikrofoni. Watu kama sitini hivi. Watoto mbele chini, wazee kwenye viti, mama mmoja mlangoni na ndoo ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi.

Nusu saa ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Wafanyakazi walipoingia zamu vichwa vimeinama, wengine wakitoka wengine wakiingia, ukumbi ulinyamaza wenyewe. Mashine ilipogeuka kuwa zimwi Moloki na kumeza watu, mtoto mmoja alilia akatolewa nje. Kisha Freder anamkuta mfanyakazi amechoka hadi anaanguka kwenye mashine yake, anashika nafasi yake, wanabadilishana nguo. Mfanyakazi anaitwa Georgy, lakini kofia yake inasema 11811. Anaambiwa achukue gari, aende nyumbani kwa mtu anayeitwa Josaphat, asubiri huko.

Hapo picha ikabadilika. Mistari meupe na meusi ikaanza kuteremka juu ya uso wa Georgy mfululizo, kingo zikafifia, na upande wa kushoto na juu ukatokea mweusi, kana kwamba shuka imekunjwa. Mtoto mmoja akapiga kelele:

— Mvua inanyesha mu filme!

Vicheko. Kisha vijana wa nyuma:

— Pirate! Mukubwa, hii ni kopi ya pirate!

Fundi alisimamisha. Akafuta lenzi kwa shati, akachomoa waya akauchomeka tena, akajaribu tena: mvua ileile. Watu walianza kugeuka kututazama. Nilimwona anavyoaibika, maana jina lake ndilo lililokuwa kwenye tangazo. Akanitazama. Aliniuliza kwa macho, nami nikamjibu kwa kichwa: badilisha.

Akafungua faili la 2001. Mahali pale pale, badala ya Georgy ndani ya gari, palikuwa na maandishi. Niliyasoma kwa pumzi moja, kwamba 11811 alipitiwa na starehe za mji na hakufika alikotumwa, huku watu wakifungua soda. Picha safi ikarudi, ukumbi ukatulia. Tukamaliza mapema kuliko ilivyopangwa na petroli ikabaki. Fundi alinipa mkono, tumeokoka. Ndipo papa akasimama.

Ile mvua ilikuwa nini

Sasa niseme kile ambacho ningepaswa kukisema kabla ya kuzima taa.

Baada ya Berlin, filamu hii ilikatwakatwa. Kampuni ya Marekani iliyoisambaza, Paramount, iliona ni ndefu mno na inachanganya, ikamwajiri mtunzi wa tamthilia Channing Pollock aipunguze. Ikaondoka karibu robo. Ujerumani nako ikafupishwa. Nakala ndefu za mwanzo zikatoweka, na kwa miaka themanini ulimwengu uliona kilichobaki.

Ila kabla ya makasi kumaliza kazi, msambazaji mmoja wa Argentina alikuwa amechukua nakala ndefu na kwenda nayo kwao, ikaonyeshwa huko mwaka 1928. Ikapita mikononi mwa watu, ikachezwa na kuchezwa tena, kila projekta ikiiachia mkwaruzo wake. Filamu za zamani zilikuwa za naitreti, kitu kinachoshika moto upesi, kwa hiyo baadaye ikanakiliwa kwenye ukanda wa usalama wa milimita 16, mdogo kuliko wa asili wa milimita 35. Walionakili hawakuisafisha kwanza. Mikwaruzo yote ikapigwa picha pamoja na filamu. Na dirisha la mashine ya kunakili halikulingana na fremu ya filamu isiyo na sauti, hivyo upande wa kushoto na juu wa kila picha ukabaki nje. Weusi ule uliotokea kwenye shuka zetu ndio kile kipande ambacho mashine ile haikukinakili.

Jinsi ilivyopatikana inanichekesha kila ninapoikumbuka, kwa sababu ni kisa cha watu kama sisi. Buenos Aires palikuwa na mwenye klabu ya sinema aliyewahi kuionyesha nakala ile, akabaki na lalamiko la miaka: ukanda ulikuwa haukai sawa, akalazimika kusimama kando ya projekta akiubana kwa kidole saa zaidi ya mbili. Mtafiti wa filamu Fernando Martín Peña akalisikia lalamiko hilo. Wengine wangemhurumia yule mzee kidole chake. Peña alipiga hesabu: Metropolis iliyokuwa ikijulikana wakati ule haifiki muda huo. Basi kuna zaidi. Ilichukua miaka mingi hadi mwaka 2008, yeye na Paula Félix-Didier, mkurugenzi wa jumba la makumbusho ya sinema la mji huo, walipofungua makopo na kuziona sehemu ambazo wote waliamini zimeshapotea.

Karibu dakika 25 ziliongezwa kwenye toleo jipya, lililoonyeshwa Berlin tarehe 12 Februari 2010. Wakarabati walijuaje kila kipande kinakaa wapi? Walikuwa na karatasi za muziki. Gottfried Huppertz aliyetunga muziki wa filamu alikuwa ameandika juu ya noti zake alama zaidi ya elfu moja za kinachoonekana wakati huo: mlango unafunguka, mtu anageuka, gari linaondoka. Muziki ulibaki na kumbukumbu ya picha ambazo macho yalikuwa hayazioni tena.

Kompyuta zilipunguza mikwaruzo, hazikuweza kuiondoa. Hapo wengi hawaelewi, nami sikuweza kueleza hadi nilipopata mfano. Vumbi lililo juu ya ukanda unaweza kuliosha. Mkwaruzo uliopigwa picha umeshakuwa picha. Kuufuta wote ni kuchora upya uso uliokuwa chini yake, na hapo unayemwona si Georgy tena, ni kazi ya mchoraji.

Wangeweza pia kukuza vile vipande vilivyopunguka vijaze shuka nzima, mtazamaji asishtuke. Hawakufanya hivyo. Waliacha ukingo mweusi, ili kila mara ujue: hiki kimetoka Argentina. Wapo wanaosema ni kuharibu utamu. Mimi naona walifanya vema, ingawa usiku ule wa Katuba, mbele ya vijana wanaopiga kelele, uamuzi wao ndio ulionitia jasho.

Waliokatwa ni akina nani

Nilikaa na matoleo yote mawili, daftari mkononi, nikaandika kila mahali mvua inapoanza na inapokwisha. Ni kazi ya kuchosha lakini ilinifungua macho. Kuna sanamu ya Hel, mwanamke aliyependwa na Rotwang akaolewa na Fredersen, akafa akimzaa Freder. Hiyo ilikatwa Marekani kwa sababu jina lake lilifanana na neno lao la jehanamu, na tangu hapo hakuna aliyeelewa Rotwang ana uchungu gani. Kuna watoto wanaokimbia mafuriko. Lakini sehemu kubwa ya mvua inawanyeshea watu watatu: Josaphat, karani aliyefukuzwa kazi kwa kuchelewa na habari, yule Mwembamba, mpelelezi wa mkubwa, anayekaa kusoma gazeti kama mtu asiye na haja, na Georgy, 11811.

Katika matoleo mafupi tunabaki na baba, mwana, msichana na mvumbuzi. Wakubwa na mapenzi yao. Mfanyakazi mmoja pekee mwenye jina na tamaa na kosa lake mwenyewe, amebaki kofia. Sidhani Pollock alikusudia hivyo. Alitafuta dakika za kuondoa, na hadithi ya mtu mdogo ndiyo huonekana ya pembeni daima. Kama unataka kupunguza saa moja kwenye maisha ya kampuni ya madini, hutaanza na mkurugenzi.

Sasa tazama nilichokifanya mimi. Nilikuwa na filamu ndefu mkononi, watu waliotumika mashineni wamekaa mbele yangu, nikachagua safi na fupi. Tena sababu zangu zilikuwa zilezile za mwaka 1927: watu wasichoke, petroli isiishe, mwenye ukumbi asinung'unike, fundi asiaibike. Hakuna hata moja iliyokuwa sababu ya kijinga, na hilo ndilo linaloniudhi.

Wengine walinitetea kwamba kosa ni la fundi. Hapana. Alichokiona kilikuwa na dalili zote za diski mbovu, na kwa kazi yake alifanya lililo sawa: alijaribu, akauliza. Vijana wa nyuma nao walikuwa na haki. Mji huu umeuziwa kopi mbovu miaka mingi sokoni, filamu zilizorekodiwa kwa kamera ndani ya sinema za Ulaya na vichwa vya watu vinapita mbele. Mtu akiona mistari na ukingo mweusi atasema nini kingine? Mwenye kujua alikuwa mmoja, na ndiye aliyetikisa kichwa.

Kuna mmoja aliyependekeza kwamba tungeendelea tu bila kusimama, watu wangezoea. Labda. Mvua huja na kuondoka, mara nyingi kwa sekunde chache. Lakini nadhani wangebaki wakiamini wameonyeshwa kitu kibovu, na wangekivumilia kwa heshima ya parokia. Sikutaka wavumilie.

Mara ya pili

Tulirudia Jumamosi tatu baadaye. Nilimtafuta papa mwenyewe nyumbani, nikamwambia ukweli: tulikukatia. Alicheka kidogo, akauliza tu kama safari hii tutamaliza.

Kabla ya kuwasha, nilitoa picha ya ndoa ya wazazi wangu, ina kunjo katikati, inapita juu ya bega la mama. Nilikuwa nimeipeleka kwa mtu wa fotokopi, nikapiga kopi, kisha kopi ya kopi. Nikazipitisha mkononi kwa mkono.

— Futeni hiyo kunjo.

Mama wa munkoyo aliifuta kweli, kwa kona ya kitenge chake. Akaitazama. Akasema, ah, imeshaingia. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Watu wanaopiga kopi za vyeti kila mwaka kwa ajili ya shule za watoto wanajua muhuri unavyogeuka doa jeusi. Nikasimulia habari ya mzee wa kidole na makopo ya Buenos Aires. Dakika saba jumla, nilihesabu.

Georgy alipoingia kwenye gari na mvua ikaanza, watoto wa mbele walipaza sauti pamoja kama Mazembe wamefunga bao:

— Argentina!

Na kila ilipoanza tena: Argentina! Sikutegemea hilo, na padri hakulipenda sana, lakini kuanzia hapo mikwaruzo ikawa mchezo wao na hakuna aliyezungumzia pirate.

Wakubwa walikuwa mahali pengine. Georgy anatia mkono mfukoni mwa nguo asizozizoea, anakuta pesa. Nje vikaratasi vya tangazo la nyumba ya starehe, Yoshiwara, vinamwagika hewani na kuingia dirishani. Anavitazama, anatazama pesa, na unaona uso wake unavyobadilika. Papa alisema kwa sauti, bila kumlenga mtu:

— Franga ya mwingine, manguo ya mwingine. Hata miye ningeenda.

Ukumbi ulicheka kicheko cha watu wanaojua siku ya mshahara ikoje. Kisha asubuhi, Georgy anarudi ndani ya gari lilelile, na Mwembamba anamnasa. Anachukua kofia, anapata ndani yake anwani ya Josaphat, anamrudisha mashineni kwake. Hapo hakucheka mtu. Papa alikuwa amejibiwa. Baadaye, Georgy alipojitia mbele ya kisu kilichokusudiwa Freder, nilisoma maandishi polepole kuliko yote ya jioni ile, na sikugeuka kuangalia mstari wa pili.

Mafuriko nayo yalipata wasomaji wake. Wafanyakazi, wakichochewa na Maria wa bandia, wanaivunja mashine ya moyo, na maji yanapanda hadi kwenye nyumba zao wenyewe, watoto wao wakiwa ndani. Baba mmoja aliyezaliwa Kipushi alinieleza baada ya onyesho kwamba hiyo si hadithi ya kubuni. Mgodi wa Kipushi, kilomita kama 30 kutoka hapa, ulisimamisha uchimbaji mwaka 1993. Pampu zikaendelea kunyonya maji mwaka hadi mwaka, na ziliposhindwa mwaka 2011 maji yakapanda yakaujaza. Chini ya ardhi, alisema, pampu ndiyo moyo. Ulaya wanaandika kwamba sehemu hii ni ishara ya hili na lile. Yeye aliiona kama ripoti ya fundi.

Mabishano makali yalikuwa juu ya mwisho. Filamu inafunga kwa kusema kati ya kichwa na mikono lazima awepo moyo wa kupatanisha. Freder anamshika baba yake na msimamizi wa wafanyakazi, anawapatanisha mbele ya kanisa kuu. Mwalimu mmoja wa historia aliguswa sana, akaanza kueleza uzuri wa mapatano. Papa akamkatiza, kwa adabu:

— Mwalimu, ule mupatanishi, si ni mutoto wa patron?

Mwalimu akakaa kimya, kisha akasema jambo lililobadilisha hewa ya ukumbi. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waligoma hapa hapa, wakati mji ukiitwa Élisabethville. Tarehe 9 walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa mpira, askari wakawafyatulia risasi. Hakukuwa na mtoto wa mkubwa aliyeshuka kuwashika mikono. Mzee mwingine akasema babake alikuwa akisimulia siku hiyo, ila hakusimulia mbele ya watoto. Tuliliacha hapo, usiku ulikuwa umeenda na jenereta ilikuwa ikikohoa. Lang mwenyewe, uzeeni, alikuja kusema haamini tena ule mwisho wa filamu yake. Nilitaka kulitaja, nikaona halihitajiki.

Papa alinisubiri mlangoni.

— Sasa imetimia yote?

Nikamwambia hapana. Bado kuna sehemu mbili: mtawa anayehubiri kanisani, na ugomvi wa Fredersen na Rotwang. Hata kopo la Argentina halikuwa nazo katika hali ya kutumika. Kwenye diski pamebaki maandishi.

— Mugomvi wa bakubwa njo walipoteza?

— Ndiyo, papa.

Alicheka hadi akashika ukuta.

Fundi ameandika juu ya ganda la diski kwa kalamu nyekundu: INA MVUA. USIBADILISHE. Faili la 2001 amelifuta kwenye laptopu yake, jambo ambalo sikumwomba na ambalo sikulipenda, maana kwa kulinganisha linafaa. Ninalo jingine nyumbani. Wanaokuja kuiazima waje na lita tatu za petroli, si mbili. Na waje na mtu wa kusoma asiyeharakisha.